Kanali Azima Injini

Siku petroli ilipopanda bei, Kanali alisimama kituoni akiangalia namba za kwenye pampu zikikimbia kama mtu aliyeiba kuku, na kadiri zilivyokimbia ndivyo taya zake zilivyokaza. Muuza mafuta, ambaye hakuwahi kujua wakati wa kunyamaza, akamwambia kwa bashasha:

"Anti, haya ni yale mapya. Safi. Wameyatoa salfa yote, moshi wake haukwaruzi kifua. Unaweza hata kuyanywa."

"Kwa bei hii itabidi niyanywe," Kanali akajibu. "Maana hela ya chai imeishia humu."

Akafunga mfuniko wa tangi kwa nguvu kana kwamba mfuniko ndio uliopandisha bei, akaondoka bila kuaga.

Usidhani alikuwa mwanajeshi. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na gari dogo la kubebea watoto wa shule, kuukuu, lenye rangi mbili: ya kiwandani na ya kutu. Jina la Kanali alipewa na watoto wenyewe kwa jinsi alivyowapanga asubuhi. Wakubwa nyuma, wadogo katikati, mabegi chini ya viti, na mwenye tabia ya kutapika akae dirishani, ajitegemee. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala upande wa pili wa mji, na mshahara wake ulikuwa wa aina ile inayoingia nyumbani kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma bila hata kukaa. Gari ndilo lililowalisha.

Tuseme ukweli, walioitunga sheria ya petroli safi walikuwa na hoja, na Kanali aliijua hoja hiyo kuliko wengi. Shule ilikuwa chini bondeni, na moshi wa magari ya barabara kuu ulishuka hadi pale ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Watoto walikohoa kuanzia kengele ya kwanza. Lakini hoja huwezi kuimimina kwenye tangi. Nauli ya kila mtoto ilipangwa mwanzo wa muhula, petroli ikapanda katikati ya muhula, na pale katikati ndipo Kanali alipobanwa.

Sasa, nani aliyesimama redioni kuwaeleza wananchi kwamba petroli ya zamani imepigwa marufuku, na kwamba hii mpya ni ghali kidogo ila ni kwa faida yetu sote, na kwamba tujibane kidogo? Wifi yake. Dada mkubwa wa mume wake mwenyewe, mwanamke mrefu wa viatu vya ofisini, mfanyakazi wa ofisi ya serikali inayopima usafi wa hewa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Hewa. Hakuitunga yeye ile sheria. Yeye alitumwa tu kuisema. Lakini wenye kuitunga hawakuwa na sura wala mtaa, na yeye alikuwa navyo vyote viwili, kwa hiyo hasira ya Kanali ikapata anwani.

Kwanza alijaribu njia ya kistaarabu. Mchana alipowashusha watoto, akawakusanya wazazi kwenye kona ya duka.

"Nauli inabidi ipande," akasema.

"Ipande iende wapi?" aliuliza Fundi, mshona nguo, mama wa mapacha, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Mimi nilipandisha bei ya kupinda suruali, wateja wakaamua kuzivaa ndefu hivyo hivyo. Wanazikunja kwa mkono. Wewe unataka nikatoe hela wapi?"

"Halafu wewe Kanali una bahati kutuzidi," akadakia Mwenye Duka, ambaye binti yake alikaa kiti cha dirishani kwa sababu zinazojulikana. "Aliyetupandishia mafuta ni wifi yako. Si umwambie ashushe? Nyinyi mnakula sahani moja."

"Sijala naye sahani moja tangu siku ya harusi yangu. Na hata siku ile nyama zote alimaliza yeye."

Wakacheka, na kicheko ndicho kilichokuwa jibu lao. Nauli ikabaki pale pale. Kanali akarudi garini, akakaa mbele ya usukani bila kuwasha, akihesabu siku zilizobaki mwezini na mafuta yaliyobaki kwenye tangi, na vitu hivyo viwili havikutaka kabisa kukutana.

Ndipo alipoufikiria mteremko.

Kutoka mtaani hadi shuleni, nusu ya pili ya safari ilikuwa kushuka tu. Mteremko mrefu, wenye kona moja pana na tuta moja, unaoishia mbele ya geti la shule. Kwa nini kuchoma mafuta ya dhahabu kushuka mahali ambapo hata gurudumu la kigari cha mchezo lingeshuka lenyewe? Kesho yake, pale juu, Kanali akaweka gia frii, akarudisha ufunguo nyuma kidogo tu, pale injini inaponyamaza lakini usukani haujajifunga. Gari likanyamaza. Likaanza kuteleza.

Watoto nao wakanyamaza, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika historia ya gari lile. Kisha mmoja akanong'ona, "Tunaruka." Na tangu siku hiyo, kila walipofika juu ya mteremko waliomba: "Anti Kanali, ndege. Tufanyie ndege." Naye alifanya, kila asubuhi, akijiambia ni kwa ajili ya mwezi huu tu.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikuwa na gereji katikati ya mteremko huo huo. Alimsimamisha jioni moja wakati gari likipanda kurudi, mikono yake myeusi kwa grisi.

"Shemeji, gari lako siku hizi linapita hapa kimya kama mwizi."

"Limejifunza adabu."

"Nisikilize. Breki ya gari hilo inasaidiwa na injini. Ukizima, inabakiwa na pumzi ya kukanyaga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu utakuwa unakanyaga ukuta."

"Basi nitakanyaga mara moja."

"Na barabara umeshaiambia?"

Kanali akamwambia arudi kwenye spana zake. Lakini usiku ule hakula vizuri. Alijua shemeji hatanii mambo ya breki, ingawa hutania mengine yote. Alijua pia kwamba wazazi wakisikia, watoto watatolewa garini siku hiyo hiyo, na gari lisilo na watoto ni banda la kuku lenye magurudumu. Akizima, anawahatarisha watoto wa watu. Asipozima, mwezi haufiki. Na badala ya kuchagua, akakasirika zaidi. Hasira ina uzuri huo, inakupa kazi ya kufanya wakati hutaki kufikiri.

Aliyevujisha habari alikuwa mtoto wa Mama Hewa mwenyewe. Binti yule wa darasa la pili aliitwa Kipaza, na hakuna haja ya kueleza kwa nini.

Jumamosi asubuhi Kanali alikuwa uani akiliosha gari, kanga imefungwa kiunoni, wifi yake akaingia na bahasha mkononi.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Viti navyo vimepanda bei. Kaa kwenye ndoo."

Mama Hewa hakukaa. "Mwanangu anasema gari lako siku hizi linageuka ndege."

"Mwanao ana kipaji. Mpeleke redioni, mama yake ameshapazoea."

"Unazima injini na watoto wamo ndani."

"Nani aliyenifundisha kuzima? Si nyinyi? Mlisema tupunguze moshi. Gari langu likizimwa halitoi moshi hata wa sigara. Nilitarajia umeniletea cheti humo kwenye bahasha."

"Nimekuletea hiki." Mama Hewa akatoa karatasi ya duara, ndogo kama kisosi, nyeusi tii. "Hii ni karatasi ya chujio la ile mashine yetu ya kupimia hewa iliyo juu ya paa la shule. Nilipoiweka ilikuwa nyeupe. Jana nimeitoa hivi. Haya ndiyo wanayovuta wale mapacha, na mwanangu, na mwanao alivuta mpaka akamaliza shule. Unataka turudi kwenye mafuta ya zamani kwa sababu ni rahisi?"

Kanali akaitupa brashi kwenye ndoo, maji yakaruka hadi kwenye viatu vya ofisini.

"Usinionyeshe karatasi, wifi. Wewe unaupimia moshi kwenye karatasi. Mimi wananikoholea kisogoni kila asubuhi, nawajua kwa vikohozi vyao kama unavyowajua watu kwa sauti. Sijakataa mafuta safi. Mimi nauliza kitu kimoja tu. Mlipokaa kwenye ile meza yenu, nani aliuliza mwenye gari la watoto atajaza nini?"

Mama Hewa akainama, akafuta maji kwenye kiatu.

"Hakuna aliyeuliza."

"Hata wewe?"

"Meza nzima walikuwa watu wanaojaziwa mafuta na ofisi. Na mimi pale ndiye niliyekuwa mdogo kwa cheo kuliko wote."

"Mdogo? Hapa nyumbani mbona ni mkubwa, mpaka chumvi ya kwenye mchuzi wangu unanipangia wewe? Ukubwa wako huwa unauacha getini ukiingia ofisini?"

Hilo lilimwingia. Lilionekana likiingia. Mama Hewa akairudisha karatasi kwenye bahasha polepole, na aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika kwa sababu ameambiwa kweli.

"Sawa. La meza ni langu, nitalibeba. Lakini la mteremko ni lako. Jumatatu nitapanda mimi mwenyewe, nitakaa mbele. Ukiacha injini inawaka mpaka getini, sitamwambia mtu. Ukizima, nitamwambia kila mzazi."

"Panda. Nauli ni ya mtu mzima."

Jumatatu ikafika. Mama Hewa akapanda, magoti yake marefu yakagusa dashibodi. Nyuma watoto walikaa kama wamemwagiwa gundi. Watu wazima wawili waliokasirika mbele yao walitosha kuwa somo la siku nzima. Kipaza peke yake ndiye aliyethubutu.

"Anti Kanali, leo ndege ipo?"

"Uwanja umefungwa," Kanali akamjibu.

Walifika juu ya mteremko. Kanali akaingiza gia ya pili, akashuka huku injini ikinguruma. Na Mungu anajua kwamba alikuwa amekusudia kabisa kushuka hivyo hadi chini. Alikuwa amejiapiza tangu Jumamosi. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala karibu na sifuri na alikuwa hauangalii, kwa makusudi, kama unavyoacha kumwangalia mtu anayekudai.

Wakapita gereji ya shemeji. Mama Hewa akavuta pumzi, akaegemea kiti, akasema kwa sauti ya upole, na alisema kwa nia njema kabisa:

"Unaona? Kumbe inawezekana. Ni kujibana kidogo tu."

Neno lile lile la redioni. Kujibana kidogo. Limesemwa na mtu anayelijua tangi la ofisi, akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele cha gari la Kanali, ambalo tangu Ijumaa lilikuwa limekula mboga ya nyumba nzima. Mkono wa Kanali ukaenda wenyewe. Frii. Ufunguo nyuma. Kimya.

"Wifi."

"Najibana."

"Wifi, washa."

"Kidogo tu."

Nyuma, mtoto mmoja akapiga makofi, akaacha.

Gari likashika kasi. Kwenye tuta Kanali akakanyaga breki, ikaitika vizuri, watoto wakaruka kidogo kwenye viti. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Kwenye kona pana, mama mmoja aliyebeba godoro kichwani akavuka bila kutazama. Kanali akakanyaga tena, na safari hii kanyagio lilikuwa gumu, likashuka kwa kinyongo. Ya pili. Baada ya kona barabara ilinyooka, na kule chini mbele ya geti, mkokoteni wa madumu ya maji ulikuwa umekatisha njia. Mwenye mkokoteni alikuwa anahangaika na gurudumu. Pembeni yake watoto walioletwa kwa miguu walikuwa wakiingia shuleni.

Kanali akakanyaga. Akakanyaga ukuta.

Akasimama juu ya kanyagio kwa uzito wake wote na gari halikujali. Mama Hewa aliweka mikono kwenye dashibodi. Kanali akazungusha ufunguo mbele, akakanyaga klachi, akasukumiza gia ya pili, akaachia. Gari likashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, injini ikakohoa, ikashika, ikapiga yowe, kila kilichokuwa ndani kikaenda mbele. Akavuta na handibreki. Akakata usukani kulia, kwenye rundo la mchanga wa ujenzi lililoachwa nje ya ukuta wa shule, na gari likazama pua yake mchangani, likatikisika, likatulia.

Mwenye mkokoteni alikuwa amekimbia. Madumu yake yalikuwa yamesimama pale pale, hata moja halikuanguka.

Kanali akageuka nyuma. Akawatazama mmoja mmoja, uso kwa uso, kwa mpangilio aliowapangia mwenyewe. Pacha mmoja alikuwa amekumbatia begi lisilo lake. Binti wa Mwenye Duka alikuwa ametapika, dirishani, kama alivyofundishwa. Hakuna aliyeumia. Kipaza akachungulia dirishani.

"Anti," akasema, "leo ndege imetua vibaya."

Hapo ndipo wote walipoanza kulia.

Walipokwisha kuwaingiza shuleni, wawili hao walibaki kando ya mchanga. Mama Hewa mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka, anaufuta kwa ncha ya mtandio. Kanali alikuwa akiufukua mchanga kwenye pua ya gari.

"Nilisema nitawaambia," akasema Mama Hewa.

"Usijisumbue. Nitawaambia mimi."

"Umekasirika bado?"

"Nimekasirika kuliko jana. Ila leo nimeongeza mtu kwenye orodha."

Mchana, kwenye kona ya duka, aliwaambia. Hakupunguza kitu. Alisema alianza lini, alisema shemeji alimwonya, alisema leo alizima kwa hasira na si kwa shida, na hilo la mwisho lilimtoka kwa tabu kuliko yote. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, tepu ikiwa imejizungusha kwenye ngumi yake.

"Nina watoto wawili," akasema. "Wawili tu. Sikuweka wengine akiba."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeniambia, 'Fundi, mafuta yameisha, toa hela au tembea.' Ungenitukana. Ungenifungia mlango. Mimi ungeniumiza mimi, siyo wao."

Mwenye Duka alipoona hapo pamekauka, akamgeukia Mama Hewa. "Na wewe na petroli yako safi. Haya yote yameanzia kwako."

"Mwache," Kanali akasema. "Yeye ana yake. Ufunguo niliuzungusha mimi."

"Yangu nitayasema pale yanapotakiwa kusemwa," akasema Mama Hewa, mdomo umevimba. "Wiki hii tuna kikao. Nitawauliza magari ya watoto yatajaza nini, na nitaendelea kuuliza mpaka wanitoe nje."

"Wakikutoa, uje tuoshe gari," Kanali akamwambia, na hakuwa anatabasamu.

Kisha akawageukia wazazi na kusema neno lake la mwisho, kwa sauti yake yote. Injini haitazimwa tena, si kwa mteremko wala kwa tambarare. Kwa hiyo nauli inapanda kuanzia kesho. Hatambembeleza mtu. Asiyemwamini amtoe mtoto wake, na ana haki.

Wengi waliwatoa. Kesho yake gari lilikuwa na sauti ya chumba kilichohamwa. Kipaza alikuwepo, na binti wa Mwenye Duka, kwa kuwa duka halifungwi ili mtu akatembeze mtoto, na wengine wachache. Kanali aliwapanga vile vile, wakubwa nyuma, wadogo katikati, ingawa wangeweza kulala viti vizima. Alipofika juu ya mteremko akaingiza gia ya pili. Injini ikanguruma, ikazuia, ikala. Alisikia kila tone likishuka, na kila tone alilitukana moyoni: tone la waliokaa mezani, tone la waliocheka dukani, tone la mkono wake mwenyewe. Lakini hakugusa ufunguo.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Siku iliyofuata, chini kidogo ya gereji, akawaona mbele yake. Fundi na mapacha wake, kando ya barabara, viatu vya watoto vimekuwa rangi ya vumbi, mmoja anakohoa huku lori likiwapita na kuwafunika. Kanali akapunguza mwendo, akaenda sambamba nao, dirisha wazi. Fundi hakugeuza shingo.

Wakaenda hivyo kipande kirefu, gari likitambaa, mama akitembea.

"Injini inawaka?" Fundi akauliza hatimaye, akitazama mbele.

"Si unaisikia?"

"Nataka useme wewe."

"Inawaka."

"Nauli?"

"Ile mpya. Sijashusha."

Fundi akasimama. Gari nalo likasimama, breki ikaitika. Akawatazama wanawe, akaitazama barabara iliyobaki, akaitazama saa ya mkononi mwake.

"Bado nimekukasirikia," akasema.

"Kasirika ukiwa umekaa," Kanali akamjibu, akanyoosha mkono nyuma na kuwafungulia mlango.